Sachi ya Muthokoi

Bartholomew Maundu alikuwa na masikio. Unaweza kumfunga macho, umweke katikati ya mashine mia mbili za kushona zikinguruma pamoja, na akuambie ile ya tatu kutoka dirishani inataka mafuta, na ile yenye inafuata, mwenye kuikalia anaikanyaga kwa hasira, amekosana na bwanake. Hayo ni yeye mwenyewe alikuwa anasema. Shida ni kwamba mara nyingi ilikuwa kweli, sasa hakuna mtu angeweza kumnyamazisha.

Alitoka Kithimani, akaacha shule darasa la saba, na mwaka wa 2006 alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda kimoja cha suruali za jinzi huko EPZ Athi River. Fundi walikuwa wawili. Mulwa alikuwa na laini ya kwanza na ya pili. Bartholomew alikuwa na laini ya tatu na ya nne. Watu walimwita Batho, kwa sababu ukimaliza kuita jina yote, sindano imeshavunjika mara mbili.

Mulwa alikuwa ameajiriwa kabisa, kazi ya kudumu, na barua yake ilikuwa kwa fremu nyumbani. Batho alikuwa na miaka sita ya kontrakti ya miezi mitatu mitatu. Kila miezi mitatu anaambiwa aende nyumbani wiki mbili, halafu anaitwa tena kama mgeni, anapewa overoli upya, anapewa nambari mpya, na askari wa geti yule yule mwenye anamjua mpaka jina ya mbwa wake anamwuliza, "Wewe ni nani na unataka kuona nani?" Mara ishirini na tatu. Batho alikuwa anataka hiyo barua ya kudumu vile mtu anataka kukaa chini.

Mwanzo wa mwezi wa tano, Madam Wangechi, meneja wa kiwanda, akawaita wote. Alisema mambo ya kuita fundi kwa kupiga mluzi na kupunga kitambaa chekundu imeisha. Kutoka leo, mashine ikiharibika, supavaiza wa laini anaandika kwa kompyuta. Fundi anaona kwa kompyuta, anatengeneza, anaandika ametengeneza, na yule aliandika anakubali na kufunga hayo maneno. Ikikaa zaidi ya siku moja bila kufungwa, inageuka nyekundu.

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nane, nitafungua kompyuta," Madam Wangechi alisema. "Bartholomew, ukipatikana na nyekundu zaidi ya tano, hakuna barua. Tano ama chini, unasaini kudumu siku hiyo hiyo."

"Madam, andika tu hiyo barua mapema," Batho alisema. "Wino isikauke ikiningoja."

Watu wakacheka. Madam hakucheka. Aliandika kitu kwa kitabu chake.

Hiyo sistemu ililetwa na Waithaka, mtu wa kompyuta. Ilikuwa imetengenezewa watu wa programu, si watu wa suruali. Waithaka alieleza kwamba hao watu kasoro wanaita mdudu, kwa hivyo kila kitu unaandika ndani ni mdudu. Mahali ya kuandika laini hakukuwa. Mahali ya kuchagua fundi kulikuwa, lakini ukifinya hapo lilitokea jina moja tu, la Waithaka, kwa sababu hao wengine alisema atawaongeza wiki ijayo. Hiyo wiki mpaka leo inangojewa. Kwa hivyo supavaiza alikuwa anaandika tu kwa maneno yake: mashine gani, iko na nini, na aitwe nani.

"Sasa mimi nitajuaje wameniandikia?" Batho aliuliza. "Nikae hapo nikitazama kioo kama ni sinema?"

Walikuwa kwa stoo ya spea. Huko ndiko kulikuwa na kompyuta ya mafundi, kioo chake kizito kama debe ya maji, na mwenye kuilinda alikuwa mama Mukai, mwenye stoo. Mukai alikuwa mama mtu mzima, na hakuna mkono wa fundi ulikuwa unagusa ile mausi bila kuoshwa kwanza.

"Hutazami," Waithaka alisema. "Unaandika neno lenye unatafuta mara moja tu. Unaseva hiyo sachi. Halafu kompyuta inasachi yenyewe kila saa. Ikipata mdudu mpya ako na hilo neno, inakutumia imeili. Hiyo imeili ndio alati yako. Mama Mukai akiona, anakuita."

"Kwa hivyo ni kama kuweka mtu kwa njia panda, unamwambia, fulani akipita niambie."

"Kabisa."

"Na huyo mtu halali, hakojoi, haombi chai."

"Haombi."

"Basi andika jina yangu. Bartholomew. B, a, r, t, h. Kadi ya ubatizo iko hivyo, father aliandika mwenyewe kwa mkono."

Waithaka akaandika hivyo hivyo, herufi kwa herufi, akaseva. Batho akatoka stoo akitembea kama mtu amenunua gari.

Wiki ya kwanza hakuna imeili ilikuja. Ya pili, hakuna. Mulwa alikuwa anakimbia laini ya kwanza mpaka ya pili na jasho mgongoni, alati zake zinaingia kumi kwa siku. Batho alikuwa amekaa kwa stuli yake na kikombe cha chai.

"Mashine zangu zinaniogopa," alimwambia Mulwa. "Zako zimezoea mikono laini."

"Zako zimekufa," Mulwa alisema. "Maiti haiiti fundi."

Ndinda, supavaiza wa laini ya tatu, alikuja mara moja kumsimamia mbele. Ndinda ni mama wa Tala, mdomo wake hauna kona.

"Batho, ovaloki namba kumi na nne inakula uzi."

"Umeripoti kwa sistemu?"

"Nimeripoti juzi."

"Mimi sijaona imeili."

"Wewe unataka imeili na mimi niko hapa na miguu yangu?"

"Ndinda, hii ni kampuni ya kisasa. Madam alisema hakuna kuita fundi na mdomo. Unataka nipoteze kazi? Imeili ikikuja, nitakuja."

Ndinda alimwangalia kutoka viatu mpaka kofia, halafu akaenda akachukua mashine ya ziada kwa kona, akaendelea na kazi. Ngigi wa laini ya nne alikuja naye, akajibiwa vivyo hivyo. Hata wakaacha kuja.

Jumatatu ya wiki ya tatu Batho akaitwa ofisini. Madam Wangechi alikuwa na karatasi mbili zimejaa.

"Nimekaa hapa Jumamosi nzima," alisema, "nikisoma wadudu wote wa hii kiwanda, mmoja mmoja, kwa macho yangu, nitenganishe wa Mulwa na wako. Mulwa ako na mmoja. Wewe uko na ishirini na tatu. Zote nyekundu."

"Haiwezekani, madam. Sijapata hata moja."

"Soma."

Batho akasoma. *Ovaloki 14 inakula uzi, mwambieni Mbatholomeo.* Hiyo ni Ndinda. *Mashine ya vifungo imekataa, Barthoromew aone haraka.* Hiyo ni Ngigi. *Mbatholomeo amekataa kuja.* Ndinda. *Mbobini ya 31 imeregea, Mbatholomeo.* *Pathoromeo.* *Mbatho.* *Bwana Bathoromayo tafadhari.* Ishirini na tatu, na father wa Kithimani angekuwa hapo angelia, kwa sababu hakuna hata moja ilikuwa sawa na ile kadi.

"Madam, hii si mimi," Batho alisema.

"Ni nani?"

Akaangalia tena. Kwa kweli kulikuwa na mtu mmoja tu kwa hiyo kiwanda angeweza kuitwa Bwana Bathoromayo.

"Uko na mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," Madam alisema. "Na mimi sitasoma hivi tena. Tafuta njia."

Akashuka stoo mbio. Alimpata Waithaka akila ndizi na mama Mukai akipanga sindano.

"Hiyo mtu yako ya njia panda ni mjinga," Batho alisema. "Nilimwambia anitafutie Bartholomew. Mbatholomeo amepita mbele yake mara tisa na hajamwuliza hata salamu."

"Kompyuta haijui lafudhi," Waithaka alisema. "Inatafuta vile umeandika. Umekosa herufi moja, hakuna."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani watu wanajua kuandika jina yako."

"Hata wewe kwa simu yako umeniseva Fundi Mnene."

Mama Mukai alicheka mpaka sindano zikamwagika.

"Mwaitu, usicheke," Batho alimwambia, kwa heshima ya mama, lakini kwa uchungu. "Hii ni barua yangu inachezewa."

"Mimi sijasema kitu," Mukai alisema. "Mama yako ndiye aseme. Kuna Mulwa, kuna Musembi, kuna majina mengi mafupi. Yeye akaenda kwa Biblia akachukua hiyo ya kupimwa na futi."

Mulwa alikuwa amesimama mlangoni. "Hiyo jina ni ya kuhubiriwa," alisema. "Si ya kuandikwa."

Waithaka alisema waandike majina yote, kila namna. Walijaribu. Walifika aina kumi na moja, na hapo hapo Ngigi akatuma mpya, *Mbatoromeyu*, na Batho akafunika uso na mikono.

"Basi weka neno moja lenye haliwezi kukosa," alisema. "Weka mashine."

"Batho," Waithaka alianza.

"Weka. Wote wanajua kuandika mashine."

Waithaka akaweka. Kesho yake, kufika saa sita, imeili zilikuwa mia moja na arobaini. Za Mulwa zote zilikuja. Mashine ya kupiga chapa ya ofisi ilikuja. Mashine ya kunyoa ya askari, sijui nani aliiandika, ilikuja. Na kumbe mtu akiongeza hata neno moja chini ya mdudu wa zamani, imeili inatumwa tena, kwa hivyo Ngigi akiandika *sawa*, inakuja, na Mulwa akiandika *sawa pia*, inakuja. Mama Mukai aliita "Batho" mpaka sauti ikakauka, halafu akaacha. Saa nane sanduku la imeili lilijaa, likakataa hata zile za ukweli.

Batho akaenda kwa miguu. Alisimama mbele ya Ndinda na Ngigi wakati wa chai na kipande cha chaki, akaandika kwa meza: BARTHOLOMEW.

"Andikeni hivi. Ni hii tu. Ndinda, soma."

"Mbatholomeo," Ndinda alisoma.

"Wapi umeona hiyo m?"

"Iko ndani. Haionekani lakini iko."

"Ngigi?"

Ngigi alisoma polepole, akaweka r mahali pa l na l mahali pa r, akamaliza kwa furaha kama mtu amevuka mto. Batho akafuta meza na mkono wa overoli.

Alirudi stoo akakaa kwenye katoni. Hakuwa na utani. Mukai akamsogezea chai.

"Tafuta neno lenye hawa wote wanaandika sawa," Mukai alisema. "Waandike hilo, si jina yako."

"Mwaitu, nimefikiria. Isiwe na b, kwa sababu Ndinda ataivalisha m. Isiwe na d wala g, ni hivyo hivyo. Isiwe na r wala l, hiyo Ngigi ataigeuza. Nimebaki na nini? Nimewaza Kithimani."

Waithaka akasachi hapo hapo. "Kithimani iko mara thelathini. Basi ya wafanyikazi ya Kithimani imechelewa. Basi ya Kithimani imechelewa tena. Basi ya Kithimani."

"Hata nyumbani kwetu kumenikataa," Batho alisema.

Mukai alikuwa anafungua kibakuli chake cha mchana. Ndani kulikuwa na muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, vile alikuwa anabeba kila siku. Batho akakiangalia hicho kibakuli. Midomo yake ilianza kusonga, akihesabu herufi moja moja na kidole.

"Muthokoi," alisema. "Hakuna b. Hakuna d. Hakuna r. Hata Mkikuyu anaiandika, mradi anaila."

"Nani ataandika muthokoi kwa mashine ya kushona?" Waithaka aliuliza.

"Hakuna mtu. Ndio uzuri."

Waithaka akasachi. Mara sufuri. Akafuta mashine, akaweka muthokoi, akaseva.

Ndinda na Ngigi wakaambiwa waandike hilo, na waliongeze hata chini ya zile za zamani, na ikafanya kazi. *Ovaloki 14 inakula uzi, muthokoi.* *Sindano ya 22 inaruka, muthokoi haraka.* Ndinda aliandika sawa. Ngigi aliandika sawa, mara ya kwanza tangu sistemu ianze. Alati zinakuja saba, nane kwa siku, na zote ni zake. Mama Mukai akiita "Muthokoi", Batho ashaamka. Aliingia kwa zile ishirini na tatu kama mtu anachimba kisima. Alikuwa anakuja saa kumi na mbili asubuhi kabla ya laini kuanza, analala mgongo chini ya mashine, anatoka na nywele zimejaa nyuzi za bluu. Kila moja akimaliza anaenda kwa aliyeiandika, anasimama hapo mpaka anaifunga. Ndinda hakumfungia hata moja bila maneno.

"Nani huyu?" alikuwa anauliza. "Mimi niliita Mbatholomeo, naona wameleta muthokoi."

"Funga, Ndinda."

"Ngoja nisome kwanza. Hii ni kampuni ya kisasa."

Madam Wangechi alisikia hiyo maneno ya muthokoi kwa Waithaka. Alifurahi. Alisema hatasoma tena Jumamosi, akaseva na yeye sachi kama hiyo kwa kompyuta yake: nyekundu zote zenye neno muthokoi. Batho aliposikia alijisifu siku mbili. Kwamba mtu wa darasa la saba ameonyesha meneja kazi.

Jumatano ya wiki ya mwisho, imeili mbili ziliingia pamoja, halafu mbili tena. Mama Mukai akazisoma kwa sauti.

"*Muthokoi ya leo iko na mawe.* Ndinda. *Muthokoi haijaiva.* Ngigi. *Muthokoi mbichi kabisa.* Ndinda tena. *Muthokoi tena?* Hiyo haijaandikwa jina."

Ilikuwa siku ya muthokoi kwa kantini. Madam alikuwa amesema kasoro yoyote ya kiwanda iripotiwe kwa sistemu, na watu walikuwa wamezoea sasa, mkono umekuwa mwepesi.

Batho alicheka mpaka akashika ukuta. "Hizi ni za Musembi wa kantini. Mwaitu, futa hizo takataka."

Mukai akafuta hizo imeili. Lakini imeili ni barua tu ya kukuambia. Mdudu mwenyewe alibaki kwa sistemu.

Ijumaa kufika saa sita, Batho alikuwa amebakisha tatu. Hizo tatu zilikuwa zinangoja spea kutoka Nairobi, hakuna mtu angelaumu. Alinawa uso, akafunga vifungo vya overoli mpaka juu. Saa nane akaingia kwa Madam Wangechi. Madam akafungua sachi yake, akahesabu na kalamu, akahesabu tena.

"Saba," alisema.

"Tatu, madam."

"Kompyuta inasema saba."

Alimgeuzia kioo. Tatu za spea zilikuwa hapo. Chini yake, nyekundu vile vile, kulikuwa na mawe, haijaiva, mbichi kabisa, na tena.

Batho akazihesabu na kidole. Miaka sita, geti mara ishirini na tatu, na anaangushwa na chakula.

"Madam, hiyo ni muthokoi."

"Naona ni muthokoi. Si ndio jina yako siku hizi?"

"Hiyo ni muthokoi ya kula."

"Bartholomew, mimi nikianza kuchagua hii ni yako na hii si yako, nimerudi Jumamosi. Mulwa nilimhesabia na kompyuta. Wewe nitakuhesabia na kompyuta. Natoka hapa saa kumi. Ikifika tano, unasaini. Ikibaki sita, tuonane baada ya wiki mbili, kontrakti mpya."

Alitoka akiongea peke yake. Alimlaani Waithaka, alimlaani yule mtu wa njia panda mwenye hajui muthokoi ya chuma na muthokoi ya sahani, alilaani Jumatano. Miguu yake ilikuwa inampeleka kantini. Mbili tu. Alikuwa anataka mbili tu zifungwe.

Musembi, mpishi, alikuwa amekaa kwa gunia la viazi.

"Musembi, kwa nini muthokoi yako haiivi?"

"Uliza gesi. Naweka saa kumi na mbili asubuhi, saa saba bado inaruka kwa sahani. Nimeambia watu wa ofisi tangu Machi."

"Umeripoti kwa sistemu?"

"Sistemu gani?"

Batho akataka kumjibu vibaya, halafu akaangalia jiko. "Washa," alisema.

Musembi akawasha ile jiko kubwa. Batho hakuangalia. Alifunga macho, akasikiliza, vile anasikiliza ovaloki. Jiko ilikuwa inapumua kwa pua moja. Upande mmoja wa duara ilikuwa inavuma vizuri, upande mwingine inakohoa, na moto wake ulikuwa wa njano, mrefu, wa kupaka sufuria masizi na kuacha maji baridi.

"Zima."

Akangoja chuma ipoe, akapiga magoti, akafungua ile chuma ya duara. Vitundu zaidi ya nusu vilikuwa vimezibwa na masizi na mafuta ya zamani. Alitoa kwa mfuko wa kifua sindano ya mashine, namba kumi na nane, ile ya kushona mishono minene ya jinzi, akaanza kuzibua kimoja kimoja. Vilikuwa sitini na kitu. Jasho lilikuwa linamwingia machoni na saa ya kantini ilikuwa inasema saa tisa na nusu.

"Kumbe ilikuwa mashine," Musembi alisema.

"Usiniambie," Batho alisema kutoka chini. "Usiniambie ilikuwa yangu tangu mwanzo."

Musembi akawasha. Moto ulitoka wa bluu, mfupi, duara nzima, na sauti moja.

Ngigi hakusumbua. Alikuja akachungulia, akasema, "Hiyo sasa ni moto," akaenda akafunga yake. Sita. Ilibaki ile ya Ndinda ya mbichi kabisa, na ilikuwa saa tisa na dakika hamsini.

Ndinda alikuwa anahesabu suruali.

"Ndinda, funga ile ya muthokoi mbichi. Jiko nimetengeneza."

Hakuinua kichwa. "Umeripoti kwa sistemu?"

"Nimeandika sasa hivi. Imetengenezwa."

"Mimi sijaona imeili."

Laini nzima ya tatu ilinyamaza kushona. Mashine arobaini, kimya, na wamama wote wakimwangalia.

"Ndinda, niko hapa na miguu yangu," Batho alisema.

"Naona miguu. Hata magoti, ni meusi. Lakini si unajua, hakuna kuita mtu na mdomo."

"Nilikosa. Siku ile ya namba kumi na nne. Nilikuwa nimekaa na chai na nikakuambia mambo ya imeili. Nilikosa."

"Sema jina ya fundi alikosa."

Batho akaangalia saa ya ukutani. Akavuta pumzi. "Mbatholomeo," alisema, na ile m akaiweka wazi kabisa.

Ndinda akaweka suruali chini, akaenda kwa kompyuta bila haraka, akafinya. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mawe siifungi. Hiyo jino yangu bado inauma."

"Bakisha mawe. Mawe ni yako."

Alifika ofisini Madam Wangechi akiwa na mkoba begani. Madam akafungua kompyuta bila kukaa. Tatu za spea, mawe, na tena.

"Tano," alisema. Akatoa barua kwa droo. Ilikuwa imepigwa chapa kitambo, tangu Jumatatu, na Batho akaiona hiyo tarehe. "Soma kwanza kabla ya kusaini."

Alisoma. Kazi ya kudumu, fundi wa mashine, kuanzia tarehe moja Juni. Halafu akarudi juu kwa jina. *Bw. Batholomeow Maundo.*

"Madam, hapa kwa jina."

"Imekosewa?"

"Kidogo."

Madam akaangalia saa yake. "Inaweza kurekebishwa. Unaripoti tu kwa sistemu, mtu wa chapa akipata alati anaandika nyingine. Wiki ijayo, ama ile nyingine."

Batho alishika kalamu. Vidole vyake vilikuwa na masizi, na viliacha alama nyeusi pembeni ya karatasi, karibu na ile jina.

"Iko sawa," alisema. "Ni mimi kabisa." Akasaini.